Raundi ya Nne

Tulikuwa tunadaiana raundi moja, mimi na Pazi Mwinshehe,
tangu usiku ule wa masika pale Keko
umeme ulipokatika nikiwa nimeshanyanyua mkono wa kulia.
Mkono ukabaki juu. Gizani watu walipiga miluzi,
wakadai viingilio vyao, wengine wakaondoka na viti.
Mwamuzi akasema, tutarudia wiki ijayo.

Wiki ijayo imechukua miaka thelathini na minne.

Hapo katikati nimelinda maghala Chang'ombe,
nimezika mke, nimepungukiwa meno sita
(manne kwa daktari, mawili sitaki kuyasema).
Yeye alikaanga chipsi Mtoni, akanenepa.
Tukikutana msibani tunapeana mkono wa kushoto,
kwa maana wa kulia bado una kazi.
"Deni," ananiambia.
"Deni," namjibu,
na shehe anatutolea macho.

Kisha vijana wa klabu wakawa wanatafuta hela ya bati.
Mmoja akasema: wale wazee wawili, si wapo?

Siku ya kupima uzito nilivua shati, tumbo likatangulia.
Mizani ilitikisa mshale, ikafikiri,
ikatoa jibu lisilo na heshima.
Daktari, binti mdogo mwenye saa kubwa mkononi,
akanifunga kile kitambaa cha presha, akapampu, akaguna.
"Babu, dawa unakunywa?"
"Nakunywa."
"Kila siku?"
Nikatazama dari.
Kwa Pazi akanyoosha vidole. "Hivi vingapi?"
Mjukuu wake, nyuma, akakohoa mara tatu.
"Vitatu," akasema Pazi.
Nikadhani ni vumbi la Keko.

Bendeji alinifunga binti yangu Siwema,
kwa mikono ile ile inayofunga watoto nepi,
akiuma midomo asiseme alilotaka kusema.
Bukta ni ya zamani, ya bluu. Lastiki mpya.
Glovu za kuazima, zinanuka hasira za watu wengine.

Hatukuanza raundi ya kwanza. Tulikataa.
Ikabidi mtangazaji aeleze:
"Mabibi na mabwana, raundi ya nne!"
Kengele, yaani rimu ya gari na kipande cha nondo, ikalia.

Mwili unakumbuka, ila husimulia polepole.
Niliona pengo, nikautuma mkono;
mkono ukauliza, sasa hivi?
Ulipofika, pengo limeshafunga mlango.
Naye akanitia moja ya mbavu, ngumi ya kweli,
nikasikia uji wa asubuhi ukibadili njia.
Ukumbi ukacheka.
Halafu haukucheka.

Nikazunguka kushoto kwake. Hakugeuka.
Nikasimama palepale, umbali wa pumzi,
na yeye anapiga, kwa bidii, kwa ufundi wake wote,
mahali nilipokuwa.
Jicho la upande wangu jeupe kama maji ya mchele.
Taya liko wazi kama mlango wa nyumba ya harusi.
Taya lile! Nimeliota nikiwa lindo,
nimelipiga kwenye magunia ya sukari ya matajiri,
nimelipiga kwenye mto wa kitanda hadi mke akahamia chumba cha watoto.
Mkono wa kulia uko juu tena.

Nikakohoa.

Akageuka, akaifuata sauti, akanidaka,
tukang'ang'aniana jasho kwa jasho,
pua yake begani kwangu, inapiga filimbi,
mwamuzi anatuvuta kama anayetenganisha maandazi yaliyogandana.
Kinga ya meno ikamtafuna maneno:
"Chande. Umeme umekatika?"

Juu yetu taa nane zinawaka,
kumbikumbi wanazigonga,
moja inaniunguza upara.

"Umekatika," nikasema.

Akashusha pumzi ndefu, akaniachia uzito wake wote,
kilo tisini na moja, nimezishika mimi.
"Basi tutarudia," akasema.
"Wiki ijayo."
"Wiki ijayo," nikamjibu.